Siku Mama Alipokupigia Simu

Kaka yangu Waya,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, kwanza kwako wewe, kisha kwa hao unaoishi nao ambao sisi hatujapata kuwaona. Natumaini u mzima, na kwamba ule mgongo uliokuwa ukikuuma kila ulipobeba jokofu peke yako umepata nafuu, au angalau umepata msaidizi. Sisi huku hatujambo. Nasema hivyo kwa maana kamili: tuko hai wote, mama akiwemo. Nimeanza na hilo ili usisome mistari inayofuata moyo ukikuenda mbio. Mama amelala chumba cha pili mchana huu, mlango uko wazi, na ninavyoandika namsikia anavyopumua.

Barua hii anakuletea Kidevu, yule tuliyesoma naye, ambaye siku hizi anaendesha lori. Alikuja saluni kwangu kunyolewa, akaniambia kama mtu anayetaja habari ndogo tu kwamba amekuona kwa macho yake. Una karakana ya majokofu, na kibao cha nje umekiandika mwenyewe kwa rangi ya bluu. Nilimwuliza herufi R ikoje. Akasema ina mkia kama wa paka. Basi nikajua ni wewe. Nilisimama pale na wembe mkononi mpaka akanikumbusha kwamba shavu la pili bado linangoja.

Kaka, tangu siku ile nakumbuka mambo bila mpangilio. Nanyoa kichwa cha mtu, kumbe mimi niko posta ya zamani, chini ya meza ya mama, nakula embe na wewe umeniziba mdomo nisicheke. Unaikumbuka ile meza ya swichibodi? Zile nyaya zenye vichwa vya shaba, mama anachomoa huku anachomeka kule, mikono inapishana kama ya mtu anayefuma. Tukitoka shule tulikuwa tunapita mlango wa nyuma, mlinzi anajifanya hatuoni, tunatambaa mpaka miguuni pake. Mama alikuwa na sauti mbili. Ya nyumbani ilikuwa ya kutuita tukaoge. Ya kazini ilikuwa laini, haina haraka, kana kwamba kila anayepiga ni mgeni wake: "Tafadhali subiri, nakuunganisha." Watu wazima walikuwa wakimsimamisha sokoni ili aseme hayo maneno tu, wapate kumlinganisha na yule wanayemsikia.

Na baba je? Akimaliza kufunga mabomba kwenye ofisi ya watu, lazima aombe simu yao. Anaikaza sauti, anajiita mkurugenzi wa sijui nini, anaomba aunganishwe na mwanamke mzuri kuliko wote posta. Mama anamjibu kwa sauti ileile ya kazini kwamba mwanamke huyo ameolewa na fundi bomba, na fundi bomba huyo asisahau kununua mkate. Sisi chini ya meza tunabanwa na kicheko hadi machozi yanatutoka. Wewe ndiye uliyekuwa ukijua waya upi unakwenda wapi. Ndiyo maana mama akakupa jina hilo, na mimi nikabaki Kitinda, kwa sababu sikuwa na kingine cha kuitiwa zaidi ya kuzaliwa mwisho.

Sipendi kuchimbua habari ya kifo cha baba, lakini nisipoigusa hutanielewa. Siku ile mimi nilikuwa mbali, najifunza kazi. Wewe ndiye uliyemfikisha hospitali kifua kikimbana, wewe ndiye uliyekaa naye kwenye ile korido ya idara ya dharura mkisubiri kitanda, na mama alipofika baba alikuwa ameshatutoka. Maneno ambayo mama alikuambia mbele za watu niliyasikia kwa wengine. Kwamba mwanaume mzima ulikaa tu kwenye benchi unamtazama baba yako akikata roho, hukupiga hata kelele. Ulizika, ukasalimia wageni, ukaondoka, na namba yako ya simu ikaacha kupatikana. Mama hajapata kuyarudia maneno hayo nyumbani. Wala hajapata kuyafuta, mpaka juzijuzi.

Ilianza na kikohozi. Unamjua mama: akasema ni vumbi. Akaendelea kumwagilia maua yake, akaendelea kumkosoa mke wangu, shemeji yako, namna ya kukunja shuka. Asubuhi moja shemeji yako akampelekea chai, akamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda amevaa viatu, anapumua kama aliyepanda ghorofa, midomo imebadilika rangi. Akamwuliza anakwenda wapi. Mama akasema anachelewa zamu. Kaka, mama amestaafu tangu watoto wangu hawajazaliwa. Tukamwita jirani mwenye teksi, tukambeba.

Hospitali ni ileile. Wameipaka rangi mpya, benchi la mbao limeondolewa, wameweka viti vya plastiki vilivyounganishwa kwa chuma, ukikaa wewe anatikisika wa mwisho. Lakini korido haikubadilika. Harufu haikubadilika. Nesi wa mapokezi, mama mmoja mnene mwenye miwani iliyofungwa plasta kwenye kijiti, alimtazama mama mara moja tu, hakumaliza hata kuniuliza jina la mgonjwa, akamfunga mkononi utepe mwekundu wa walio hatarini na kumsukuma ndani. Nasema haki yao: hawakuzubaa. Walimvalisha barakoa ya oksijeni, wakamtundikia dripu, wakampa dawa kwenye mshipa. Daktari kijana, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaniambia ugonjwa umeanzia kwenye mapafu na sasa umeingia kwenye damu, presha inashuka, na anatakiwa apande juu kwenye chumba cha mahututi haraka iwezekanavyo.

Nikashukuru. Nikafikiri haraka iwezekanavyo maana yake ni sasa.

Wakaingizwa wengine, ajali ya barabarani. Kile chumba cha mwanzo kikahitajika. Machela ya mama ikasogezwa koridoni, karibu na mlango wa chumba cha kuoshea vyombo, na hapo ndipo tulipokaa. Jua lilikuwa dirisha la upande huu, likahama taratibu mpaka la upande ule. Nesi akipita anapima presha, anaandika, anakaza midomo, anakimbilia kwa mwingine. Mimi nilikuwa nikisoma midomo ile kuliko mashine.

Nilifoka, kaka. Nilifanya yote ambayo mama alisema wewe hukuyafanya. Nilimfuata daktari mpaka mlangoni mwa choo. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja kusimama karibu yangu kwa adabu. Nilimshika nesi mkono nikamwuliza kama angekuwa ni mama yake angeachwa pale mlangoni pa chumba cha vyombo. Hakukasirika. Alinivuta pembeni akaniambia kwamba kule juu hakuna kitanda hata kimoja, na kwamba kitanda cha mahututi hakipatikani mpaka aliyekilalia apone au afe. Akasema anajua vizuri kuliko mimi kwamba kila saa mama anayokaa pale chini inamla, kwa sababu pale hakuna mtu wa kukaa naye yeye peke yake na kumtazama kila pumzi. Ameshaona wengi waliofika wakizungumza na kupanda juu wakiwa hawajitambui. Kisha akaniomba nishike upande ule wa shuka tumgeuze mama, maana mgongo ulikuwa umelowa jasho.

Baada ya hapo sikupiga kelele tena. Nilikaa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikamtazama mama. Ndipo nikajiona nilivyo, nikakuona wewe. Si kwamba hukupiga kelele. Yawezekana ulipiga, zikaisha.

Mama mwenyewe homa ilikuwa imemchukua, ikamrudisha posta. Kulikuwa na mzee aliyevunjika nyonga, analalama machela ya pili, na mwanamke mmoja aliyekuwa akimwita mumewe bila kukoma. Mama akainua barakoa kwa kidole, akawaambia kwa ile sauti, ile ya kazini, kaka, ambayo sikuwa nimeisikia kwa miaka: "Tafadhali subirini, laini zote zina watu. Nitawaunganisha mmoja mmoja." Yule mzee akaacha kulalama. Halafu akasema, asante dada. Mimi nilicheka, na nilipokuwa nacheka nikagundua kwamba kicheko hicho ndicho pekee kinachonizuia kulia. Nesi alipopita mama akamwuliza kwa nini msimamizi hajaleta mtu wa zamu ya pili, haiwezekani opereta mmoja ashike laini zote hizi. Nesi akasema, mama, hilo nami naliuliza kila siku.

Kitanda kilipatikana jua likikaribia kuzama. Nilijua kabla hatujaambiwa. Lifti ilifunguka, wakatoka mzee mmoja na binti zake wawili. Binti mkubwa amekumbatia kandambili na mto wenye foronya ya maua, mdogo ameziba mdomo kwa kitenge. Yule mzee alinitazama, akamtazama mama, akaelewa, nami nikaelewa. Mchana kutwa nilikuwa nikiomba kitanda kipatikane, na sikuwa nimejiuliza naomba nini hasa. Nilisimama ili wapite. Aligusa reli ya machela ya mama alipopita, akasema Mungu amponye. Sijapata kumwambia mtu mwingine habari ya mzee huyu.

Juu walimwekea mpira wa kupumulia kooni, akalala usingizi wa dawa kwa siku nyingi, na figo zikagoma ikabidi damu yake isafishwe kwa mashine. Daktari mkuu wa kule, mwanamke mfupi asiyepoteza maneno, aliniita akaniambia kweli yote. Kwamba wa umri wa mama walio wengi hawarudi kutoka pale alipokuwa. Kwamba angepanda asubuhi ileile, huenda figo zisingeumia kiasi kile na mpira ule usingehitajika. Akasema kila wiki anawaandikia wakubwa akiomba vitanda na wauguzi, na kila wiki anajibiwa ombi limepokelewa. Nilimpenda kwa kutonificha.

Amerudi nyumbani, Waya. Anatembea kwa fimbo, figo moja inasuasua na nyingine inajitahidi, kila mwezi tunakwenda kupima damu. Ila ile sauti imekwenda. Mpira umeacha kovu kooni, na daktari anasema haitarudi ilivyokuwa. Anaongea kwa mikwaruzo, chinichini, kama redio iliyokosa stesheni. Ile ya koridoni, ya kuwatuliza wale wagonjwa, ndiyo ilikuwa mara ya mwisho. Nafikiri wangepaswa kujua walichosikia, yule mzee wa nyonga na wale wengine.

Kwa sauti hiyohiyo ya mikwaruzo anamwambia kila anayekuja kumwona kwamba unakuja. Amemwagiza shemeji yako aanike godoro lako. Ameagiza dari la chumba chetu cha zamani lifutwe utando. Jirani mwenye teksi ameshaambiwa akae tayari kukupokea. Wanaponiuliza ni lini, mama anajibu kwa niaba yangu kwamba wewe mwenyewe umemwambia kwa simu.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu, mimi ambaye unajua hata kadi za sikukuu nilikuwa nakuachia wewe uandike.

Ilikuwa mchana wa siku ile ya korido, kabla kitanda hakijapatikana. Alikuwa ametulia kidogo. Akafumbua macho, akaniambia anataka laini yako. Nikamwambia, mama, pumzika. Akasema yeye ndiye anayejua lini apumzike, nimpe laini. Nilitoa simu nikapiga ile namba yako ya zamani, nikijua haitaita. Mashine ikasema haipatikani. Akanyoosha mkono, dripu inaning'inia, akaishika simu akaibana sikioni na kungoja. Kaka, alingoja. Nesi alikuwa amesema huenda asifike jioni. Nikasogea nyuma ya kichwa chake, mahali asiponiona, nikainama karibu na sikio lake la pili, nikaikaza sauti kama yako.

Nikasema, "Halo, mama. Ni Waya."

Alifumba macho. Akasema, maneno mawili matatu kwa pumzi moja, kisha anavuta oksijeni, kisha mengine. "Waya. Nimelala pale alipolala baba yako." Nikasema ndiyo, mama. Akasema, "Mdogo wako amepiga kelele zote. Amemshika kila mtu. Na bado niko hapa." Akavuta pumzi. "Kumbe hakukuwa na la kufanya. Nilikuonea, mwanangu. Nilikuonea mbele za watu." Akaita halo, halo, akidhani laini imekatika. Nikasema nipo, mama, nakusikia. Ndipo akaniuliza.

Aliniuliza, yaani alikuuliza wewe, kama ulimshika baba mkono.

Mimi sikuwepo, Waya. Hujapata kuniambia, nami sijapata kukuuliza. Lakini alikuwa anangoja jibu huku midomo imemkauka, nami nikamjibu kwa jina lako. Nilisema, "Nilimshika, mama. Sikumwachia mpaka mwisho." Akasema, "Basi." Akasema tena, "Basi. Uje nyumbani." Nikamwambia nitakuja. Akanirudishia simu kwa kuinua mkono juu ya kichwa, bila kunitafuta nilipo.

Alipozinduka kule juu na kutolewa mpira, jambo la kwanza alilolinong'ona si maji. Alinong'ona kwamba amezungumza nawe. Nilifungua kinywa nimweleze ukweli, nikakifunga. Tangu hapo nimekifungua na kukifunga mara nyingi. Juzi alinitazama sana nikimkata kucha, akasema laini siku ile ilikuwa safi ajabu, kana kwamba umesimama nyuma yake. Kisha akauliza kama nimekwisha kumaliza mkono wa kushoto. Sijui anajua nini na hajui nini. Ninachojua ni kwamba yale ya kukuonea aliyasema akikuambia wewe, na si haki yakae kwangu. Ni yako. Nimeyabeba kama mzigo wa mtu aliyeniomba nimshikie kidogo.

Sikuombi unisamehe kwa kuazima jina lako. Mazingira yaleyale yakinikuta kesho nitaliazima tena. Lakini yale mawili niliyoyasema kwa niaba yako sina uwezo nayo. Moja, kwamba unakuja. La pili, ule mkono. Kama ulimshika, njoo umwambie kwa kinywa chako. Kama hukumshika, kama ulikuwa umekimbia kumtafuta daktari, njoo umwambie hivyo hivyo. Anaweza kulisikia sasa. Naye ameshalala pale alipolala baba.

Shemeji yako anakusalimu, anasema godoro liko tayari ila mbu wa huku hawajabadilisha tabia. Wanangu wanakusalimu, mkubwa amefungua redio yangu vipande vipande na hawezi kuirudisha, na sina wa kumwonyesha. Nisalimie wote walioko kwako, wakubwa kwa wadogo, na uwaambie nao wana nyumba huku. Kidevu atapita karakana kwako tena akirudi na mzigo. Nimemwambia kiti cha mbele cha lori kisikaliwe na mtu.

Mama ameamka. Ananiuliza naandika nini mchana kutwa. Nimemwambia namwandikia Waya. Amesema nikuambie uvae sweta, njiani kuna baridi.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda